Deni la Marekani: chakula cha harusi kimeshapikwa, ugomvi ni wa kulipa

Kila baada ya muda habari hii hurudi. Washington wanavutana, Wizara ya Fedha ya Marekani inatangaza kwamba fedha zitakwisha tarehe fulani, masoko ya dunia yanashika roho mkononi, halafu siku za mwisho kabisa wakubwa wanapeana mikono. Huku kwetu, kijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, habari hufika ikiwa vipande vipande. Mmoja anasema Marekani imefilisika. Mwingine anasema serikali yao imefungwa. Wa tatu anasema Wachina wamekuja kudai chao. Mambo tofauti yametiwa chungu kimoja, na inafaa tuyatenganishe taratibu, kwa sababu gharama ya mikopo ya nchi zetu nayo inapita humo humo.

Tuanze na maneno yenyewe. Serikali yoyote ina mapato, yaani kodi, ushuru na ada, na ina matumizi. Mwaka ambao matumizi yamezidi mapato, pengo linalobaki huitwa nakisi, na nakisi huzibwa kwa kukopa. Mikopo yote ya miaka iliyopita ambayo bado haijalipwa, ukiijumlisha, ndiyo deni la taifa. Nakisi ni ya mwaka mmoja. Deni ni mzigo uliorithiwa serikali kwa serikali. Marekani hukopa kwa kuuza hatifungani: unaipa serikali dola zako leo, nayo inaahidi kukurudishia siku fulani pamoja na riba.

Ukomo wa deni, ambao wengine huuita kikomo au dari ya deni, ni kiwango kilichowekwa na sheria kwamba jumla ya deni isipite hapa. Deni likigusa kiwango hicho, Wizara ya Fedha hairuhusiwi kuongeza hata dola moja mpaka Bunge lao, Congress, lipandishe kiwango au lisimamishe sheria hiyo kwa muda.

Hadi hapo inasikika kama busara tupu. Nani asingependa serikali yake iwekewe mpaka wa kukopa? Lakini angalia jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi.

Chukua kamati ya harusi. Kamati imekaa vikao vyake, imepitisha bajeti ya milioni 25: ukumbi, mpishi, mapambo, MC, bendi, gari la maharusi. Kamati hiyo hiyo imepanga viwango vya michango, na hesabu inaonyesha zitapatikana milioni 19. Kila mjumbe anajua milioni 6 zitakopwa, maana bajeti aliipitisha yeye na viwango vya michango alivipanga yeye. Lakini katika kanuni za kamati kuna mstari wa zamani unaosema mweka hazina asikope zaidi ya milioni 4 bila kura nyingine. Sasa ni Ijumaa jioni. Mpishi ameshachinja, ukumbi umeshapambwa, bendi inashusha vyombo. Mweka hazina anaitisha kikao: nahitaji ruhusa ya milioni 2 zilizobaki niwalipe watu. Upande mmoja unakunja mikono na kusema haitapigwa kura mpaka upande wa pili ukubali kupunguza wageni wao na kufuta suti za wasimamizi.

Hicho ndicho kinachotokea Washington. Congress hupitisha sheria za matumizi. Congress hiyo hiyo hupitisha sheria za kodi. Ukishapitisha hizo mbili, mkopo unajitokeza wenyewe kwa hesabu ya kutoa. Kura ya ukomo wa deni haiamui serikali itumie kiasi gani. Inaamua kama yale yaliyokwisha kuamuliwa yatalipwa: mishahara ya wanajeshi, pensheni za wazee, malipo ya hospitali, riba za wenye hatifungani. Ndiyo maana usemi unaosikika sana, kwamba kupandisha ukomo ni kuipa serikali ruhusa ya kutumia zaidi, una kosa kubwa ndani yake. Kukataa kuupandisha hakumrudishi ng'ombe aliyechinjwa.

Mpaka huo ulitoka wapi? Hapa historia inashangaza. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Congress iliidhinisha mkopo mmoja mmoja, kwa mfano hatifungani za kujenga Mfereji wa Panama. Vita vilipokuja, utaratibu huo ulikuwa mzito. Mwaka 1917 sheria ya hatifungani za vita iliipa Wizara ya Fedha nafasi ya kukopa yenyewe ndani ya kiwango kilichowekwa, bila kurudi bungeni kila mara. Mwaka 1939 viwango vilivyotawanyika viliunganishwa kuwa kimoja cha dola bilioni 45. Kwa hiyo kitu ambacho leo kinaifunga serikali mikono kilianzishwa ili kuifungua.

Kwa hesabu za Wizara ya Fedha yao, tangu mwaka 1960 Congress imepandisha, imeongeza muda au imebadili tafsiri ya ukomo huo mara 78, mara 49 chini ya marais wa chama cha Republican na 29 chini ya wale wa chama cha Democratic. Mimi nikiitazama namba hiyo naona mpaka ambao haujazuia deni hata siku moja. Kilichobadilika ni jinsi wanasiasa wanavyoutumia. Kwa miongo mingi kura hii ilikuwa ya kawaida, yenye hotuba nyingi na hatari ndogo. Chama cha upinzani kilipiga kura ya hapana kuonyesha uchungu kwa walipakodi, kikijua wazi kwamba wengine watapitisha. Machi 2006, Seneta Barack Obama alipiga kura ya kupinga kupandisha ukomo chini ya Rais George W. Bush, na hoja ikapita kwa kura 52 dhidi ya 48. Miaka mitano baadaye, akiwa Rais na akiomba kura ile ile kwa wapinzani wake, alikiri kwamba kura yake ya 2006 ilikuwa kosa.

Mwaka huo, 2011, ndipo mchezo ulipogeuka kuwa wa hatari. Republican walikuwa wameshinda Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Congress (jingine ni Seneti), na kundi kubwa la wabunge wapya lilikuwa limeahidi wapiga kura wake kwamba halitapandisha ukomo bila kukata matumizi. Wizara ya Fedha ilitaja tarehe 2 Agosti kuwa siku ambayo haitaweza tena kulipa kila kitu. Makubaliano yalisainiwa siku hiyo hiyo, tarehe 2 Agosti. Siku tatu baadaye Standard & Poor's, moja ya kampuni zinazopima uwezo wa nchi kulipa madeni, iliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa kwa mara ya kwanza katika historia. Ofisi ya ukaguzi ya Congress yenyewe ilikadiria kwamba kuvutana huko tu, bila hata siku moja ya kukosa kulipa, kuliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 katika mwaka huo wa fedha. Fedha hizo hazikujenga darasa wala daraja. Zililipia hofu.

Kwa nini mambo haya hutokea Marekani na si Dodoma? Jibu limo kwenye Katiba. Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na hapo wote wanarudi kwa wananchi. Rais wa Marekani hana uwezo huo. Anaweza kukaa miaka miwili na Baraza la Wawakilishi linaloongozwa na wapinzani wake, wasioweza kumwondoa kirahisi naye asiyeweza kuwaondoa. Katika hali hiyo, sheria yoyote ambayo ni lazima ipite inakuwa mateka. Na hakuna sheria iliyo ya lazima kuliko hii, kwa sababu kuiangusha kunaumiza wote.

Ukitaka kuona mateka huyo anavyoshikwa na anavyoachiwa, fuata mwaka 2023 tangu Januari. Tarehe 7 Januari Kevin McCarthy wa Republican alipata uspika wa Baraza la Wawakilishi baada ya raundi 15 za kura, na ili aupate alilegeza kanuni kiasi kwamba mbunge mmoja tu angeweza kuleta hoja ya kumng'oa. Spika aliyekalia kiti cha miguu mitatu hana nafasi ya kuwapuuza wenye misimamo mikali wa chama chake. Tarehe 19 Januari deni liligusa ukomo wa dola trilioni 31.4. (Namba hizi huteleza masikioni, kwa hiyo ipime trilioni kwa muda: sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32, sekunde trilioni moja ni zaidi ya miaka 31,000.)

Siku hiyo fedha hazikuisha, na hapa ndipo wasikilizaji wengi hupotea. Kuna tarehe mbili. Ya kwanza ni siku deni linapogusa ukomo. Ya pili, inayoogopwa, ni siku ambayo sanduku linakuwa tupu. Katikati yake Wizara ya Fedha hutumia kile inachokiita hatua za dharura. Kubwa kati ya hizo ni kuacha kwa muda kuwekeza michango ya mifuko ya mafao ya watumishi wa serikali. Mifuko hiyo nayo inashika hatifungani za serikali, na hatifungani hizo zinahesabiwa ndani ya ukomo. Ukizipunguza unapata nafasi ya kukopa kwingine. Ukomo ukipandishwa, mifuko hurudishiwa kila senti pamoja na riba. Ni kama mweka hazina wa kamati yetu kuazima fedha za kikoba cha watumishi, kwa maandishi na kwa sharti la kurudisha, ili mpishi asiondoke.

Tarehe ya pili haijulikani kwa uhakika, kwa sababu inategemea kodi zinaingia lini na kwa wingi gani. Wamarekani wengi hukamilisha kodi ya mapato katikati ya Aprili, na awamu nyingine huingia katikati ya Juni. Bonde liko kati ya hapo. Janet Yellen, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliwaandikia viongozi wa Congress barua baada ya barua, kwanza akitaja tarehe 1 Juni, kisha tarehe 5. Tarehe 26 Aprili Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa Republican wa kupandisha ukomo pamoja na makato makubwa, kwa kura 217 dhidi ya 215. Ikulu, iliyokuwa ikisema haitajadili chochote juu ya ukomo, ikaingia kwenye mazungumzo. Mwishoni mwa Mei salio la Hazina lilikuwa chini ya dola bilioni 50, na hiyo ni nchi inayotumia zaidi ya dola trilioni 6 kwa mwaka. Gawanya uone: ni akiba ya siku mbili tatu.

Makubaliano yalipita Baraza la Wawakilishi tarehe 31 Mei kwa kura 314 dhidi ya 117, na Seneti siku iliyofuata kwa 63 dhidi ya 36. Rais Joe Biden alisaini tarehe 3 Juni. Yalisimamisha ukomo hadi tarehe 1 Januari 2025, yakaweka mipaka ya baadhi ya matumizi kwa miaka miwili na kuongeza masharti ya kufanya kazi kwa baadhi ya wanaopokea msaada wa chakula. Kwenye kura ile ya Baraza, Democratic waliounga mkono walikuwa wengi kuliko Republican, na hilo wenye msimamo mkali hawakulisahau. Tarehe 3 Oktoba McCarthy alivuliwa uspika, wa kwanza kuondolewa kwa kura ya namna hiyo. Fitch, kampuni nyingine ya kupima madeni, ilikuwa imeishusha Marekani daraja tarehe 1 Agosti, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni kuzorota kwa utawala na mivutano ya ukomo inayojirudia.

Sasa tuondoe mkanganyiko ulio mkubwa kuliko yote: serikali kufungwa. Serikali ya Marekani hufungwa pale Congress inaposhindwa kupitisha bajeti ya kuendesha ofisi za serikali. Hapo baadhi ya ofisi hufunga milango, watumishi hukaa bila mshahara, lakini madeni yanaendelea kulipwa na riba zinatoka. Ilitokea kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, na kwa siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Yanauma, ila nchi huyavuka. Kwenye kamati yetu, kufungwa kwa serikali ni kushindwa kupitisha bajeti ya sherehe, kwa hiyo mpishi haitwi. Ukomo wa deni ni kushindwa kumlipa mpishi aliyekwisha pika. Oktoba 2013 yote mawili yalikutana: serikali ilifungwa siku 16 huku tarehe ya kuishiwa fedha ikikaribia.

Je, ingekuwaje kama wangefika ile tarehe ya pili, ya sanduku kuwa tupu, bila kukubaliana? Mifumo ya malipo ya Hazina imejengwa kulipa kila ankara inapofika siku yake, si kuchagua nani alipwe na nani asubiri, na sheria haijampa waziri mamlaka ya wazi ya kuchagua hivyo. Kuna dokezo dogo la mwaka 1979: Congress ilichelewa kupandisha ukomo, mitambo ya ofisi iliyoandaa malipo nayo ikaleta hitilafu, na baadhi ya wawekezaji wadogo wakacheleweshewa fedha zao. Walilipwa baadaye. Lakini hiyo ilikuwa ajali ya kiasi kidogo. Kukataa kulipa kwa sababu ya ugomvi wa kisiasa kungekuwa jambo jingine, kwa kuwa dunia nzima hupima hatari kwa kutumia hatifungani za Marekani kama mawe ya mizani. Ukiyachezea mawe, kila kilo sokoni inakuwa na shaka.

Katika kila mvutano watu hutafuta mlango wa nyuma. Wapo wanaotaja Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yanayosema uhalali wa deni la taifa hautahojiwa, na kudai Rais angeweza kuupuuza ukomo. Wapo wanaotaja sheria inayoruhusu kutengeneza sarafu za platinamu za thamani yoyote: tengeneza moja ya dola trilioni, ipeleke benki kuu. Hakuna rais aliyethubutu kujaribu lolote kati ya hayo.

Na Wachina? Sehemu kubwa ya deni la Marekani inadaiwa na Wamarekani wenyewe: mifuko ya pensheni, benki, watu binafsi, benki kuu yao na mifuko ya serikali yenyewe. Kati ya wadai wa nje, Japan ndiyo ya kwanza, na hatifungani zake zinapita dola trilioni 1. China imekuwa ikipunguza zake kwa miaka kadhaa. Tena mwenye hatifungani hawezi kuamka asubuhi akadai alipwe yote. Anasubiri siku iliyoandikwa, au anamuuzia mtu mwingine.

Huku kwetu hili linagusa wapi? Serikali ya Kenya au ya nchi nyingine ya Afrika inapouza hatifungani za dola nje, mnunuzi hujiuliza kwanza: Marekani ingenilipa riba kiasi gani? Kisha anaongeza juu yake bei ya hatari. Msingi ukipanda, na jengo linapanda. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, ili ipunguze deni la dola bilioni 2 la mwaka 2014 lililotakiwa kulipwa Juni.

Kenya nayo iliwahi kuweka ukomo kwa namba. Mwaka 2019 Bunge la Nairobi liliuweka kwenye shilingi trilioni 9, mwaka 2022 likaupandisha hadi trilioni 10, na mwaka 2023 likaachana na namba na kuweka kipimo cha asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa (yaani malipo ya baadaye yakipimwa kwa thamani ya fedha ya leo), na nafasi ya kuyumba kwa asilimia 5. Nadhani kipimo cha namna hiyo kina maana zaidi, kwa kuwa deni la milioni kwa mwenye mshahara wa laki tatu si sawa na deni hilo hilo kwa mwenye mshahara wa milioni tano. Namba tupu haioni ukubwa wa mkopaji.

Nisieleweke kwamba deni la Marekani si tatizo. Katika mwaka wa fedha 2024 riba peke yake iliipita bajeti ya jeshi lao, na Mei 2025 Moody's, ya mwisho kati ya kampuni tatu kubwa za kupima madeni, nayo iliwashusha. Anayelia na deni hilo ana haki ya kulia. Lakini deni hupunguzwa pale bajeti na kodi zinapopitishwa, kazi ngumu inayochukiza wapiga kura. Desemba 2024 Donald Trump, kabla hajaapishwa, aliomba ukomo uondolewe au usogezwe mbele. Wabunge 38 wa chama chake walipiga kura kuupinga muswada uliobeba ombi hilo. Julai 2025 wengi wa chama hicho walipitisha nyongeza ya dola trilioni 5 ndani ya sheria yake kubwa ya kodi, bila kuhitaji kura hata moja ya upinzani, na habari ikapita karibu bila kelele. Vyama vilikuwa havijagawana madaraka, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshika mateka.

Ukomo mpya ni dola trilioni 41.1. Oktoba 2025 deni lilivuka trilioni 38, na kwa kasi ya dola trilioni 2 hivi kwa mwaka, nafasi iliyobaki itajaa karibu na mwaka 2027. Kabla ya hapo, Novemba 2026, Wamarekani wanachagua upya viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi.